Kabla ya kununua cherehani ya pili

Salaam dadangu. Umeuliza kama cherehani ya pili itakutoa hapo, kwa kuwa unashona madera kutwa na mfuko ni ule ule. Mimi ni fundi hapa Majengo, Mombasa, na jibu langu ni hapana, bado.

Tazama kwanza masaa yako yanakwenda wapi. Mimi nilipoangalia niliona aibu: muda ulikuwa ukiliwa na kufumua. Nilikuwa nakata nguo moja moja, mbio mbio, kitambaa kimelala upande, halafu mabega hayakutani. Sasa siku moja ni ya kukata tu. Natandika vitambaa vinne, ukingo kwa ukingo, nabana kwa pini, nachora kwa chaki, ndipo mkasi unaingia. Leso naihadhari zaidi, maana pindo zisipokutana ubavuni mteja huona hata hajavaa. Nimeshaharibu leso za watu nikazilipa Biashara Street kwa mfuko wangu, basi najua nisemalo.

Sindano nayo: kitambaa chepesi kinataka namba 70 au 80. Ukitia 100 ya jinzi utavuta nyuzi, kisha ulaumu mashine bure.

Shingo ndiyo iliyonitesa. Nilikwenda kukaa kwa fundi mmoja mzee Mji wa Kale, Jumamosi tatu, nikishona shingo tu kwenye vipande vya kutupa. Hanilipi, simlipi. Sasa naimaliza kwa mara moja, na gauni za harusi ambazo zamani nilikuwa nazikataa nazichukua.

Ukipata nafasi Jumamosi, pita na kipande kibovu tuanze.