TARDIS: aliiunda au aliiiba?

Ndugu yangu, umeuliza kama Doctor, shujaa wa tamthilia ya televisheni ya Uingereza Doctor Who, aliiunda mwenyewe TARDIS, chombo chake cha kusafiria katika wakati na anga, au aliiiba. Jibu ni kwamba aliiiba, ila mkanganyiko umo ndani ya tamthilia yenyewe, hujakosea kusikia. Mwaka 1963, kwenye kisa cha kwanza kabisa cha Doctor Who, mjukuu wake Susan anasema jina TARDIS alilitunga yeye. Mwaka 1965, katika The Chase, Doctor anataja kifaa kimoja kilichomo humo tangu alipokiunda chombo. Wakati huo watunzi walikuwa hawajaamua hata anatoka kwa watu gani. Wale Time Lords, watu wa jamii yake Doctor, walijitokeza mwaka 1969 kwenye The War Games, na hapo ndipo tukaambiwa chombo ni cha wizi. Tangu hapo hadithi ya kuunda ikafa, na jina nalo lilikuwa limeshakuwa la vyombo vyote vya aina hiyo, maskini Susan.

Mimi nashikilia kisa cha mwaka 2011, The Doctor's Wife. Roho ya TARDIS inawekwa kwenye mwili wa mwanamke, anamtazama Doctor usoni na kumwambia kwamba yeye TARDIS ndiye aliyemuiba Doctor, kwa kuwa alitaka kuuona ulimwengu. Miaka miwili baadaye tukaonyeshwa Clara, msafiri mwenzake Doctor, akimsimamisha yule mzee, Doctor wa kwanza, mlangoni, akimwelekeza achukue hiki kibovu cha usukani. Havigombani: Clara alionyesha, mzee akaiba, na chombo kilikuwa kimeshamchagua.