Kupima injini za sataranji kwa kafara la Shirov

Mdogo wangu wa Kirumba, unauliza kwa nini injini (programu inayotafuta hatua bora ya sataranji) kwenye simu yako haioni kafara la bingwa Alexei Shirov, yaani kete aliyoitoa makusudi iliwe, ilhali kompyuta ya rafiki yako wa Nyakato imeliona, na kama uifute. Usiifute, kwani fumbo moja halitoshi kupima nguvu ya injini.

Ni mashindano ya Linares, Hispania, 1998. Shirov, akiwa na weusi dhidi ya Topalov, alimpeleka askofu h3 (safu ya h, mstari wa 3) aliwe bure. Akiliwa, mfalme mweusi anapita f5 hadi e4 kabla mfalme mweupe hajafika, na askofu wa Topalov peke yake hawezi kuwazuia askari weusi wa safu za a na d. Kwangu mimi hakuna hatua nzuri kuliko hiyo! Ila faida yake iko mbali, na injini hupunguza upekuzi wa hatua zinazotupa kete.

Kuzijaribu injini zote mbili, panga hivi: weupe mfalme g1, askofu c3, askari g2, h4, weusi mfalme e6, askofu f5, askari a4, d5, f6, g6. Zamu ya weusi. Usipime kwa sekunde, maana simu ikipata moto mchana wa Mwanza hupunguza kasi. Weka kikomo cha idadi ya mipangilio inayochunguzwa, sawa kwa zote mbili, na kiini kimoja cha prosesa. Vikiwa vingi jibu hubadilika ukirudia. Futa kumbukumbu ya injini kabla ya kila jaribio, kwani ukishaionyesha h3 ukarudi nyuma, tayari inajua.

Kujua ipi ina nguvu zaidi, zipambanishe michezo mingi, zikibadilishana rangi kwa kila ufunguzi (hatua za mwanzo za mchezo).