HD DVD au Blu-ray: deki ipi inunuliwe?

Kwa kuwa umeuliza kama inafaa kununua deki ya HD DVD iliyotumika, inayouzwa kwa bei ya chini pamoja na diski zake, badala ya deki ya Blu-ray, jibu langu ni kwamba uchukue Blu-ray. Hizo ni aina mbili za diski za filamu zilizoshindana kurithi nafasi ya DVD. Kwa ubora wa picha hazikupishana sana, maana zote hutumia leza ya buluu na zote hutoa picha ya mistari 1080. Tofauti iko kwenye nafasi: kila tabaka la diski ya Blu-ray hubeba gigabaiti 25, ilhali la HD DVD hubeba 15. Hata hivyo, walioamua ushindani huo ni studio za filamu. Warner ilipotangaza Januari 2008 kwamba itabaki na Blu-ray pekee, Toshiba, iliyokuwa mtetezi mkuu wa HD DVD, ilijiondoa mwezi uliofuata. Lenzi ya deki ya HD DVD ikifa leo, kipuri chake utakitafuta kwa tochi.

Ikiwa televisheni yako ni ya 4K (yenye picha kali kuliko ile ya mistari 1080), ongeza fedha ununue deki ya Ultra HD Blu-ray, yaani ya diski za 4K, ambayo husoma pia Blu-ray za kawaida, kwani deki ya kawaida haiwezi kusoma diski za Ultra HD (jambo ambalo wauzaji hupenda kulinyamazia). Kagua vilevile herufi A, B au C nyuma ya kasha la Blu-ray ya kawaida, inayoonyesha eneo la dunia ambalo diski imekusudiwa, kwa sababu diski ya eneo jingine inaweza kukataliwa na deki yako. Diski za Ultra HD hazina kizuizi hicho.