Kwa nini siipangishi bustani ya bibi yako

Mwanangu,

Sisi huku Mingoyo ni wazima, alhamdulillahi. Umeniuliza kwa nini nakataa kumpangisha yule kijana bustani ya marehemu bibi yako pale bondeni, ili nipumzike na mboga ninunue sokoni kama watu wengine. Najua umeuliza kwa huruma. Kwenye simu sikukujibu kwa sababu jibu lake ni refu.

Kijana ni mchapakazi, sina neno naye. Lakini anataka kupanda bamia chotara za dukani eneo zima, auze. Bamia za bibi yako, zile fupi nene, dukani hazipo. Mbegu alipewa na mama yake, akazipanda kila mwaka mpaka Mungu alipomchukua. Na mbegu ya bamia haivumilii kukaa. Iache chupani miaka miwili mitatu kwa joto hili la pwani, nyingi hazioti tena. Kwa hiyo huwezi kuzifungia kabatini ziwe ukumbusho, zisipopandwa zimekwisha. Tena nyuki akitoka kwenye ua la chotara akaingia kwenye ua la hizi zetu, mbegu utakayovuna si ile tena. Ndiyo maana hata robo ya eneo siwezi kumpa.

Kuchagua mbegu nafuata njia ya bibi yako. Shina lenye majani yaliyojikunja au mabaka ya njano haliachiwi tunda la mbegu, hata liwe limezaa vipi. Kwenye mashina yenye afya nachagua tunda, nalifunga kitambaa ili asilichume mtu, linakauka palepale mpaka linaanza kupasuka. Halafu napukuchua, naanika kivulini, nachanganya na majivu makavu ndani ya chupa. Wewe mwenyewe ulishachapwa kwa kuchuma tunda lenye kitambaa, nadhani hujasahau. Bibi yako hakuwa mtu wa kuchapa watoto. Kwa mbegu zake tu.

Mengine ni mchicha, matembele na majani ya maboga, na samadi nyingi, maana udongo wetu ni wa mchanga, maji hayatulii. Kuanzia mwezi wa sita mvua hakuna, mpaka mwisho wa mwaka, na ndoo za kutoka kisimani ndizo zinazoniumiza magoti. Hapo umesema kweli, sikukatalii.

Lakini kuna jambo la pili, na kwangu ndilo zito zaidi. Msimu wa korosho, majirani wakishinda mashambani kuokota, bibi yako alikuwa akiwawekea mafungu ya mchicha mlangoni bila kutaja hela. Nami nafanya hivyo, nikinuia thawabu zimfikie yeye. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huwa ni sadaka kwake. Khitma tumemsomea, arobaini tumeifanya, dua namwombea. Sadaka ninayoweza kuitoa kwa mikono yangu siku hadi siku ni hii. Bustani ikishakuwa ya mpangaji, mchicha ni mali yake, na ana haki ya kuuuza wote.

Basi hela uliyosema utanitumia kila mwezi ya mboga, ninunulie pampu ndogo na mpira wa kufika tuta la mwisho. Usichukue pampu kubwa, kisima chetu kinajaa polepole, itakikausha mara moja.

Na ukipata likizo, njoo uchukue chupa moja ya mbegu uende nayo Dodoma. Uani kwako mashina machache yanaenea. Lukuledi ikifurika ikalichukua bonde, au mimi nikishindwa kabisa, tuwe na pengine pa kuanzia. Zilowekwe usiku mmoja kabla ya kupanda, na zikianza kuzaa mchume kila baada ya siku mbili, la sivyo zinakomaa na kuwa nyuzi tupu. Kama jirani yako amepanda chotara, niambie mapema, nitakuonyesha namna ya kulifunika ua kwa kitambaa kabla halijachanua, lizae lenyewe bila kuchanganyika.

Wasalimie wajukuu zangu.

Mama yako