Re: Natafuta deki ya CD ya mtumba yenye sauti nzuri, nipo Dodoma

Mkuu, umeuliza kama ukitoa hiyo deki ya DVD ukaweka deki ya CD ya mtumba, sauti itabadilika. Itabadilika, ila kidogo. Spika na mahali ulipozipanga ndiyo mpango mzima. CD ni zile zile biti 16 na sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, tangu Sony walipoleta CDP-101 mwaka 1982, na mashine nyingi zikiwa nzima zinakaribiana.

Kwa hiyo tafuta uzima kwanza, jina baadaye. Nenda na CD yako ndefu, ya dakika sabini na kitu, upige wimbo wa mwisho. CD husomwa kutoka ndani kwenda ukingoni, na mashine iliyochoka mara nyingi inaanza kurukaruka huko. Beba na CD moja ya kuchoma, yaani iliyorekodiwa kwenye kompyuta, maana deki za zamani nyingine huzikataa. Droo ikisitasita kutoka, mara nyingi ni mkanda tu, kazi ndogo kwa fundi. Lenzi iliyojaa vumbi letu hili inasafishika. Iliyokufa, achana nayo.

Halafu geuza nyuma usome kibandiko cha umeme! Zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni volti 100, na sisi ukutani tuna 230. Yangu niliichomeka bila kusoma. Harufu ya kuungua ilinifikia kabla sijakaa kwenye kochi.

Ukikuta yenye tundu la optiko (linalotoa sauti ya kidijitali kwa mwanga), ichukue. Siku lenzi ikiwa bado nzima na wewe unataka sauti nyingine, unaongeza DAC pembeni tu, yaani kifaa cha kugeuza data ya kidijitali kuwa sauti.