Wasomaji Wauliza: Kuishi na Kutembea Mji Mkongwe

SWALI: Tumepanga nyumba ya zamani ya ghorofa Kiponda, Unguja. Ilipigwa lipu ya saruji, lakini kila baada ya masika inavimba na kubanduka, kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Tuongeze saruji? – M.S.

JIBU: Msiongeze, saruji ndiyo inayowaponza. Kuta za nyumba hizi ni za matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita, na hazina kizuizi cha unyevu chini. Maji hupanda kutoka ardhini, yakatafuta pa kutokea. Chokaa huyapisha. Saruji huyafungia ndani, chumvi ikaganda nyuma ya lipu na kuisukuma.

Zungumzeni na mwenye nyumba ibanduliwe yote hadi kwenye jiwe, ipite alama ya unyevu kwa nusu mita. Ukuta uachwe wiki kadhaa ukauke, chumvi isuguliwe kwa brashi kavu; mkiiosha mnairudisha ndani. Lipu mpya iwe fungu 1 la chokaa iliyolowekwa kwa mafungu 3 ya mchanga, na usiwe mchanga wa ufukweni. Lowesheni ukuta kwanza, kisha pigeni matabaka ya sentimita 1, la pili likisubiri la kwanza lishike. Jua kali hulipasua, kwa hiyo tundikeni magunia mabichi mbele yake. Rangi ya mwisho iwe ya chokaa tu. Rangi ya mafuta itawarudisha mlikotoka.

Wakati fundi yupo, mwonyesheni ncha za boriti zilizoingia ukutani chini ya bafu. Bafu la juu linalovuja huozesha boriti kimyakimya, na hapo ndipo sakafu huanguka. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Likae chini, si juu ya boriti. Kazi ya boriti, milango au madirisha inahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, maana mji huu ni Urithi wa Dunia tangu 2000.

SWALI: Nina nusu siku tu Zanzibar na sitaki majumba ya makumbusho. Nitaonaje mtaa wenyewe? – J.K., Dodoma

JIBU: Ingia baada ya sala ya Alasiri, jua likipungua na baraza zikianza kujaa. Anzia soko la Darajani, lililofunguliwa 1904, kata Mkunazini hadi Sokomuhogo kwenye wauza kahawa na wacheza dhumna, kisha Hurumzi na Kiponda hadi Malindi. Shangani iachie mwisho. Huko hoteli ni nyingi. Njiani tazama milango: ya kizamani ya Kiarabu ina kizingiti cha juu kilichonyooka, yenye tao juu mingi ni ya mtindo wa Kihindi. Nakshi za mfaa, ule ubao wa katikati, zina hadithi nyingi za waongoza wageni, na si zote za kuaminika.

Ukipotea endelea tu, utatokea baharini au Darajani. Funika mabega na magoti, toa salamu, na usipige picha ya mtu barazani bila kumwomba.

SWALI: Nahamia Hurumzi. Lori la vyombo litafika mlangoni? – Bi. A., Tanga

JIBU: Halifiki. Lisimame barabara kubwa, ukodi mkokoteni na wachukuzi. Kabla ya kupakia kabati na kitanda, pima upana wa ngazi za nyumba na kona zake. Visivyopita vifunguliwe vipande hukohuko Tanga.