Raspberry Pi kwenye TV za matangazo: kwa nini skrini inabaki nyeusi umeme ukirudi

Mkuu, umeuliza mawili: programu ipi huria iendeshe TV sita za matangazo dukani kwa Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo, hapa naiita Pi), na kwa nini skrini zinabaki nyeusi umeme ukikatika na kurudi. La programu ni jepesi. La umeme ndilo litakalokutoa jasho, kwa hiyo naanza nalo.

Weusi huo una sababu tatu, na kwa macho zinafanana. Kwanza, Pi huwaka kabla TV haijawa tayari. Inauliza kupitia HDMI kuna skrini gani, haipati jibu, basi haitoi picha. Fungua /boot/firmware/cmdline.txt, na mwishoni mwa mstari uleule ongeza:

video=HDMI-A-1:1920x1080@60D

Hiyo D ndiyo inayolazimisha picha itoke hata TV isipojibu. Faili lina mstari mmoja tu. Ukiugawa uwe mistari miwili, Pi inaweza isiwake. Maelekezo ya hdmi_force_hotplug=1 yaliyojaa mtandaoni ni ya dereva ya zamani ya picha, usiyategemee kwenye Bookworm (toleo la mfumo wa Pi, Raspberry Pi OS). Waya uchomeke tundu la HDMI lililo jirani na tundu la chaja. La pili linahesabika HDMI-A-2.

Pili, TV yenyewe hurudi ikiwa imelala. Baadhi zina menyu iliyofichwa ya "hotel mode" ambamo unachagua iwake mara ipatapo umeme na ianze na HDMI 1. Kama yako haina, weka cec-utils, kifurushi kinachoiamuru TV kupitia waya wa HDMI (njia hiyo inaitwa CEC), kisha cron, kipanga-ratiba cha Linux, ipige hii kila asubuhi na dakika mbili baada ya Pi kuwaka:

echo "on 0" | cec-client -s -d 1

CEC lazima iwe imewashwa kwenye TV. Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita Simplink.

Tatu ni saa, na hii wengi hawaishtukii. Pi 4 na za nyuma yake hazina saa yenye betri. Umeme ukirudi kabla ya intaneti, Pi inashika muda wa mwisho uliohifadhiwa kwenye kadi ya SD. Anthias, programu ya matangazo nitakayoieleza hapa chini, hupa kila tangazo tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo saa ikiwa nyuma, tangazo jipya linahesabiwa kuwa halijaanza na halionyeshwi. Kurasa za https nazo zinakataliwa, maana cheti kinaonekana hakijaanza kutumika. Nunua moduli ya DS3231, saa ndogo yenye betri, uiunge kwenye pini za Pi: 3.3V pini 1, SDA pini 3, SCL pini 5, GND pini 9. Kwenye config.txt andika dtoverlay=i2c-rtc,ds3231, ondoa kifurushi cha fake-hwclock (ndicho kinachohifadhi muda kwenye kadi), na saa ikiwa sahihi piga sudo hwclock -w. Pi 5 inayo saa ndani, lakini betri yake unanunua pembeni. Bila betri hali ni ileile.

Ukijaribu marekebisho haya, zima swichi kuu ili TV, ruta na Pi vizimike pamoja. Kuchomoa Pi peke yake hakukuonyeshi kitu, kwa sababu TV na intaneti vinakuwa tayari vinaisubiri.

Chaja: Pi 4 inataka 5.1V na 3A, Pi 5 inataka 5A. Usiilishe Pi kwa tundu la USB la TV. La USB 2.0 kwa kawaida hutoa 0.5A, na kila TV ikizimwa Pi inakatwa ghafla, ndivyo kadi za SD zinavyokufa. Piga vcgencmd get_throttled: 0x0 ni salama, 0x50000 maana yake umeme ulishuka wakati fulani tangu iwake. Badilisha chaja au waya kabla ya kulaumu programu.

Sasa programu. Anthias, iliyokuwa ikiitwa Screenly OSE, ndiyo rahisi kuliko zote: unaiweka, unaifungua kwa kivinjari, unapakia picha, video au anwani ya ukurasa. Weka nywila mapema, maana inakuja bila. Kasoro yake ni kwamba kila Pi inajitegemea, kwa hiyo TV sita ni kurasa sita. Xibo inasimamia zote mahali pamoja na seva yake ni huria, ila kichezeshi chake rasmi cha Linux kimetengenezewa kompyuta za x86 (za Intel na AMD), si Pi.

Kama TV zote sita zinaonyesha matangazo yaleyale, mimi ningeacha zote mbili nitumie mpv, kichezeshi cha video, juu ya Raspberry Pi OS Lite (mfumo wa Pi usio na desktop):

mpv --vo=gpu --gpu-context=drm --hwdec=v4l2m2m-copy --fs --loop-playlist=inf --image-display-duration=12 /mnt/matangazo

Iwe huduma ya systemd yenye Restart=always, yaani ijiwashe na Pi na ikifa irudi yenyewe. Usiku rsync (programu ya kunakili mafaili), kwa rsync -a --delete --delay-updates, ivute mafaili kutoka kompyuta moja, kisha huduma ianzishwe upya, kwa kuwa mpv haisomi folda tena yenyewe. Folda iwe kwenye flashi ya USB, na kadi ifungwe kwa Overlay File System ndani ya raspi-config, ili chochote kisiandikwe juu yake. Hapo DS3231 si hiari tena: mfumo ukifungwa hivyo, kila ukiwaka saa inarudi siku ulipoufunga. Anthias usiifunge hivyo, matangazo utakayoongeza yatapotea Pi ikizimwa.

Video za wateja usizicheze kama zilivyokuja. Pi 4 inafungua H.264 (aina ya mgandamizo wa video) kwa chipu mpaka 1080p60, ila za simu huja na kasi ya fremu inayopanda na kushuka, au na rangi za 10-bit. Zipitishe hapa kwanza:

ffmpeg -i mteja.mp4 -vf "scale=1920:1080:force_original_aspect_ratio=decrease,pad=1920:1080:-1:-1" -r 30 -c:v libx264 -profile:v high -level 4.1 -pix_fmt yuv420p -b:v 8M -an tayari.mp4

Ukitaka sauti, ondoa -an. Iliyopigwa wima itapata weusi pembeni. Mwambie mteja mapema, asije akadhani TV ni mbovu.